Kabla Hujaandika 8.8.8.8

Mteja akinipigia simu kuniambia mtandao hamna, namwuliza kwanza simu yake iko kwenye waifai ya ofisi au kwenye bando lake. Hapo kazi inakuwa imeanza. Wengi hunijibu kwamba WhatsApp inaingia, kwa hiyo intaneti ipo na kompyuta ndizo mbovu, kumbe WhatsApp inaingia kwa bando na ofisi nzima haina kitu. Wengine shida yao ni kinyume: laini ya ofisi ni nzima, taa za rauta zinawaka kama kawaida, lakini kila ukurasa unaofunguliwa unaleta habari ile ile, kwamba anwani ya DNS haikupatikana. Hapo mtu huzima rauta, akasubiri kidogo, akawasha. Isipokubali, anazima tena.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Nahudumia ofisi ndogo: mawakala wa forodha, mawakili, maduka ya dawa, saccos moja mbili. Ofisi za namna hii hazina idara ya teknolojia. Zina kompyuta sita au kumi, printa inayogombaniwa, na seva, ambayo mara nyingi ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika Ulaya, ikanunuliwa Kariakoo na kuwekwa chini ya meza ya mhasibu, karibu na kapu la taka. Seva hiyo inatunza mafaili, inazigawia anwani kompyuta nyingine, na inajibu maswali ya majina. Hiyo kazi ya tatu ndiyo DNS. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kinachosingiziwa kuliko hicho.

Kompyuta hazitafutani kwa majina, zinatafutana kwa namba. Ukiandika tra.go.tz, kompyuta yako haijui mahali hapo ni wapi, basi inaiuliza seva ya ofisi. Seva nayo kama haijui, inaanza kuulizia kuanzia juu, kama mgeni anayemtafuta mtu Ngamiani bila kuijua nyumba yake: ofisi ya kata inampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti anampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi ndiye anayemwonyesha mlango. Hakuna hata mmoja kati yao anayewajua watu wote wa mjini. Kila mmoja anamjua wa chini yake, na inatosha. Kwenye intaneti, walio juu kabisa ni seva za mzizi. Zina majina 13, kuanzia herufi A hadi M, na nyuma ya majina hayo kuna mashine nyingi sana zilizotawanywa duniani kote. Mzizi haujui tra.go.tz iko wapi. Unajua tu nani anasimamia .tz. Huyo naye anajua habari za go.tz, na hivyo hivyo mpaka namba inapatikana. Safari yote hiyo kwa kawaida haimalizi hata sekunde moja.

Zamani mambo yalikuwa mepesi zaidi, na mabaya zaidi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET yaliandikwa kwenye faili moja lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa Menlo Park, California, na kikundi kilichoongozwa na Bi. Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iingizwe, unawasiliana nao na wao wanaiandika. Mtandao ulipopanuka faili hilo likaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa kuigawa kazi hiyo ngazi kwa ngazi, ambao ndio tunaoutumia hadi leo. Lile faili la kale halijafa, lakini. Kila kompyuta ya Windows au Linux ina faili linaloitwa hosts, na kwa kawaida linasomwa kabla DNS haijaulizwa. Kuna ofisi iliyokuwa inashindwa kufungua tovuti moja tu, kwenye kompyuta moja tu. Fundi fulani alikuwa ameandika namba ndani ya faili hilo zamani, tovuti ikahama, namba ikabaki.

Jambo moja zaidi kuhusu kanuni, halafu tuingie kazini. Jibu likishapatikana, seva hulikumbuka kwa muda uliopangwa na mwenye jina. Muda huo huhesabiwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Hata jibu la kwamba jina halipo hukumbukwa kwa muda. Hii ndiyo sababu kosa la DNS huonekana kama lina mapepo. Tovuti uliyoifungua sasa hivi bado inaingia, ile ambayo hujaitembelea tangu jana haiingii, na baada ya chakula cha mchana zimebadilishana. Seva ikizimwa na kuwashwa, kumbukumbu yote inafutika, na tatizo lililokuwa linachomoza hapa na pale linafumuka ofisi nzima kwa mpigo. Mwenye ofisi husema fundi ndiye aliyeharibu kwa kuizima.

Vivinjari navyo vinatupotosha, maana vinaonyesha karibu ukurasa ule ule kwa kila kosa, wakati DNS yenyewe ina majibu tofauti. Ukifungua dirisha jeusi la amri na kuuliza kwa nslookup, unasikia seva imesema nini hasa. NXDOMAIN maana yake jina hilo halipo: yupo aliyeulizwa, na akasema hapana. Angalia herufi ulizoandika, angalia kama usajili wa jina umeisha muda, au kama umeuliza seva isiyohusika na jina hilo. REFUSED ni kukataliwa: seva iko hai na imekusikia, ila wewe si mtu wake. Ofisi ikihama kampuni ya intaneti lakini seva ikaendelea kuzitegemea seva za majina za kampuni ya zamani, mara nyingi jibu linakuwa hilo. SERVFAIL ni seva kusema imejaribu ikashindwa. Halafu kuna kimya. Swali limeondoka, hakuna kilichorudi. Kwenye kimya nashuku njia: kebo, swichi, fayawoli iliyoziba poti 53, au seva iliyolala.

Ofisi iliyonifanya niandike makala hii ni ya wakala wa forodha, si mbali na bandari. Malalamiko yao yalikuwa na sura ya ajabu. Mhasibu alikuwa anafungua tovuti zote duniani lakini folda ya mafaili ya ofisi haioni. Dada wa mapokezi alikuwa anaona mafaili na printa bila shida, ila nje haendi hata hatua moja. Kijana anayeshughulikia nyaraka alikuwa mara upande huu, mara upande ule. Mzee mwenye ofisi alikuwa ameshakata shauri kwamba kampuni ya intaneti inamwibia. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, na kabla sijaweka mkoba chini akasema, "Binti yangu, mimi nalipa kila mwezi kwa tarehe. Kwa tarehe!"

Ofisi ikigawanyika hivyo, usianze na kampuni ya intaneti. Laini ikikatika, inawakatikia wote. Nilipita kompyuta moja baada ya nyingine nikaandika ipconfig /all, amri inayoonyesha kila kompyuta inamwuliza nani majina. Ya mapokezi ilikuwa inaiuliza seva ya ofisi, 192.168.1.10, na hakuna mwingine. Ya mhasibu ilikuwa inauliza 8.8.8.8. Ya kijana wa nyaraka ilikuwa na zote mbili, seva kwanza na 8.8.8.8 ya pili.

8.8.8.8 ni huduma ya majina ya Google, iliyofunguliwa kwa watu wote Desemba 2009. Cloudflare nao walileta yao, 1.1.1.1, tarehe 1 Aprili 2018. Ni huduma nzuri, za bure na za haraka, na nyumbani kwangu natumia mojawapo. Lakini kwa mafundi wengi wa mjini zimekuwa panadol. Kompyuta haifungui tovuti, andika nane nne, chukua hela, ondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye ofisi hii. Kila aliyepiga kelele aliandikiwa nane nne zake. Sasa, Google inajua majina ya dunia nzima, lakini haiwezi kujua kwamba ndani ya chumba kimoja Tanga kuna mashine inayoitwa "mafaili". Mhasibu akiitafuta, anaambiwa haipo. Ndiyo maana alikuwa anaona dunia na haoni ofisi yake.

Kijana wa nyaraka ana kisa chake, na hapa watu wengi wanapotea. Wanadhani DNS ya pili huulizwa pale ambapo ya kwanza haijui jina. Sivyo. Ya kwanza ikisema jina halipo, hilo ni jibu kamili na mambo yameishia hapo. Ya pili huulizwa pale ya kwanza inapokaa kimya au inaposhindwa, na Windows ikishahamia ya pili hukaa nayo kwa muda kabla ya kurudi. Katika muda huo kijana anaiona dunia na mafaili yanapotea; ikirudi kwenye seva, mafaili yanaonekana. Kuweka seva ya ofisi na 8.8.8.8 pamoja kwenye kompyuta moja ni kupanda vurugu. Kwenye ofisi zinazotumia Active Directory ya Windows ndiyo kabisa, kwa sababu kompyuta hutegemea rekodi za ndani za DNS kuijua seva inayowaruhusu watu kuingia asubuhi. Zikiuliza nje hazizipati.

Kwa hiyo kompyuta ya dada wa mapokezi, ile iliyoonekana mbovu kuliko zote, ndiyo pekee iliyokuwa na mpangilio sahihi. Ilikuwa inamwuliza anayepaswa kuulizwa. Swali likawa moja: huyo anayeulizwa ana nini?

Nikakaa kwenye kiti chake. Kwanza ping kwa namba, ping 8.8.8.8, ikajibu. Maana yake njia ya kwenda nje ipo na mzee haibiwi. Kisha nikauliza jina kwa kuitaja seva: nslookup tra.go.tz 192.168.1.10. Ikasema imeshindwa, SERVFAIL. Nikauliza jina lile lile kwa 8.8.8.8, likajibiwa papo hapo. Nikauliza jina la ndani, "mafaili", kwa seva ya ofisi, likajibiwa. Basi seva iko hai, inayajua majina yake yenyewe, njia ya nje ni nzima, lakini kila jina la nje inalojaribu kulitafuta linaishia mikononi mwake.

Hapo mafundi wengine huanza kusanidi upya kila kitu. Mimi niliingia kwenye seva yenyewe. Ni Linux, na majina yanashughulikiwa na programu ya BIND. Nikauliza kwa dig, nikapata SERVFAIL ile ile. Nikarudia swali hilo hilo nikiongeza +cd mwishoni. Herufi hizo mbili zinaiambia seva: niletee jibu bila kukagua saini zake. Jibu likaja, namba zote zimenyooka. Nikaondoa +cd, SERVFAIL. Nikaweka, jibu. Ukiona hivyo umeshakaribia. Jibu linafika mlangoni salama. Seva ndiyo inayolikataa kwa sababu haiamini saini.

Habari ya saini ni hii. DNS ya mwaka 1983 ilijengwa kwa watu wanaoaminiana. Mwaka 2008 mtafiti Dan Kaminsky alionyesha jinsi ilivyo rahisi mhalifu kuiwahi seva na jibu la uongo, nayo ikalikumbuka na kuwagawia watumiaji wote, wakaenda benki ambayo si benki. Programu za DNS zikazibwa haraka, na mpango wa kuyatia majibu saini, DNSSEC, ambao ulikuwa umesuasua kwa miaka, ukapata nguvu. Mzizi wenyewe ulitiwa saini Julai 2010. Kila saini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na seva inayokagua huzilinganisha na saa yake yenyewe.

Kwenye kumbukumbu za BIND kulikuwa na mstari uliojirudia mpaka unachosha: muda wa saini haujaanza. Haujaanza! Nikaandika date. Seva ilikuwa inaamini tuko zaidi ya miaka miwili nyuma. Kwa macho yake, kila saini ya intaneti ilikuwa imetiwa na watu wa siku zijazo, na ikakataa zote kwa uaminifu mkubwa.

"Si ndiyo maana!" dada wa mapokezi akasema nyuma yangu. "Dada, hizi ankara tangu wiki iliyopita zinatoka na tarehe za ajabu, mimi nazifuta kwa kalamu naandika upya. Nilidhani ni printa." Akanitolea faili. Kila ankara ilikuwa na mstari wa bluu kwenye tarehe, na tarehe sahihi juu yake kwa mwandiko mzuri. Dawa ilikuwa mezani kwake muda wote. Hakuna fundi aliyemwuliza, maana yeye hahusiki na mtandao.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoiendesha saa wakati umeme haupo. Ni CR2032, na jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ikiwa mpya ina volti 3. Niliifungua seva, nikapuliza vumbi, nikaipima: haikufika hata volti 2. Miaka ya matumizi huko ilikotoka na joto la chini ya meza vilishaimaliza. Maadamu umeme upo, hakuna anayejua. Lakini ule usiku ambao umeme ulikatika mpaka asubuhi, UPS ikaisha mapema, seva ikazimika na saa ikapotea nayo. Umeme uliporudi, seva iliamka na tarehe ya kubahatisha.

Mtu atauliza, si kompyuta hujirekebisha saa kwenye intaneti? Hujirekebisha. Inazitafuta seva za saa kwa majina. Ili ipate namba za majina hayo inauliza DNS, DNS inakataa kwa sababu saa ni mbovu, na saa haiwezi kupona kwa sababu DNS imekataa. Unaweza kuizima na kuiwasha mpaka mkono uchoke, itazunguka pale pale.

Kuukata mduara huo ni kazi ndogo. Niliiweka saa kwa mkono, nikaizindua upya huduma ya majina, na kompyuta ya mapokezi ikafungua tovuti kabla sijanyanyuka kitini. Nikaiandika saa hiyo kwenye saketi kwa hwclock --systohc, nikabadilisha betri, na kwenye orodha ya seva za saa nikaongeza moja kwa namba badala ya jina, 162.159.200.1, ambayo ni ya huduma ya saa ya Cloudflare. Betri ikifa tena siku moja, seva itapata saa bila kumwuliza mtu jina la mtu. Halafu nikapita kila kompyuta nikizitoa nane zote. Nane hizo sikuzitupa. Niliziweka zinapofaa, ndani ya seva, kama mahali ambapo seva inapeleka maswali ya nje isiyoyajua. Kompyuta zinaiuliza seva, seva inauliza nje. Mwisho nikaandika ipconfig /flushdns kila mahali ili majibu ya zamani yafutike.

Ukitafuta suluhisho la SERVFAIL ya aina hii, utashauriwa haraka sana uzime ukaguzi wa saini. Ni mstari mmoja kwenye BIND, na kweli tovuti zote zitafunguka. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwanza unaondoa ulinzi kwenye ofisi ambayo inalipa ushuru wa wateja kwa mtandao. Pili, saa inabaki mbovu, ankara zinaendelea kutoka na tarehe za uongo, na nakala za akiba za usiku zinaandikwa juu ya zile zisizostahili. DNS ilikuwa inapiga kelele ya haki. Kuinyamazisha ni kumwadhibu aliyetoa taarifa.

Si kila ofisi ina betri iliyokufa, bila shaka. Kisababishi ninachokutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni rauta ya nyumbani. Mfanyakazi anaona waifai haifiki chumba cha nyuma, analeta rauta yake ya zamani, anachomeka kebo kwenye tundu lisilo sahihi, na rauta ile inaanza kugawa anwani na DNS zake kwa kila kompyuta inayoiwahi. Siku hiyo ofisi ina wagawaji wawili wasiojuana. Dalili yake ni kompyuta kupona zikizimwa na kuwashwa, halafu zinaugua nyingine. Angalia ipconfig /all: anayetajwa kama seva ya DHCP akiwa si yule unayemjua, fuata kebo chumba kwa chumba, utaikuta nyuma ya kabati.

Kuna ofisi ambazo tovuti yao inafunguka kwa wateja wote isipokuwa kwa wafanyakazi wenyewe. Seva ya ndani imepewa jina lile lile la tovuti ya nje, kwa hiyo inajiona ndiyo mwenye jina na haina haja ya kumwuliza mtu. Kama rekodi ya www haimo ndani yake, inajibu kwamba haipo. Iongeze, yamekwisha. Wengine wameupa mtandao wa ndani jina linaloishia na .local, ambalo simu na kompyuta za Apple hulitafuta kwa njia nyingine kabisa; kwa ofisi mpya napendekeza .internal, ambayo ICANN iliitenga mwaka 2024 kwa matumizi ya ndani tu. Na kama ni simu moja tu ya Android isiyoona printa ya ofisi, fungua mipangilio yake uangalie DNS binafsi.

Halafu zipo siku ambazo kweli tatizo si lako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea dunia nzima kwa takriban saa sita. Kompyuta zilikuwa zinalalamika kuhusu DNS, na kwa juu juu ilikuwa kweli: majina ya Facebook yalikuwa hayajibiwi. Seva zao za DNS zilikuwa zinawaka, ila amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikuwa imeukata mtandao wao wa ndani, na njia za kuzifikia seva hizo zikaondolewa kwenye intaneti. Simu yangu siku hiyo haikupumzika, na kuna mteja aliyekuwa ameshaiweka upya rauta mpaka ikasahau nywila. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilidorora, na maswali ya DNS yanayokwenda mbali yakawa yanachelewa mpaka seva zinakata tamaa. Siku kama hizo, ukishaona hata namba hazijibu ping na jirani naye analia, funga mkoba.

Ninachowaomba wenye ofisi ni vitu vyepesi. Bandika karatasi kwenye seva yenye anwani yake, anwani ya rauta, na jina la aliyeisanidi. Badilisha betri ya saa pale seva inapofunguliwa kusafishwa, bila kungoja ife. Bei yake haikushindi. UPS ikianza kupiga kelele, usiinyamazishe, ipeleke ikapimwe. Na fundi akija akataka kuandika 8.8.8.8 kwenye kompyuta ya ofisi yenye seva, mwulize kwanza seva imejibu nini: jina halipo, imekataa, imeshindwa, au imekaa kimya? Akikosa jibu, usimlipe bado.